Kitanda cha Tisa

Saa moja kasorobo. Nakukabidhi wodi, Nasibu.
Kaa kwanza. Chai ipo kwenye chupa, vitumbua viwili nimekuachia
(kimoja nimekimega, nisamehe).

Cha kwanza katulia. Cha tatu anasubiri ndugu waje kulipa.
Cha tano analia bila machozi; usimwambie anyamaze,
hii ni mara ya pili anarudi nyumbani mikono mitupu.
Cha saba ni mtoto wa shule. Faili lake lisome mwenyewe,
kisha lifunike.

Cha tisa,
Sechelela, wa Handali, uzao wa nne.
Nitakueleza. Ngoja nivue viatu.

Jana jioni niliingia na fomu mfukoni,
fomu ya kubadili kada.
Shemeji yangu yuko Mtumba, kwenye zile ofisi zinazonukia rangi,
anasema: Foibe, masjala kuna nafasi,
kiti kinazunguka, kiyoyozi, Jumamosi unalala.
Miaka kumi na mmoja umesimama, unamngoja nani?
Nikamjibu: namngoja anayenipokea zamu.
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Yusta ana duka la dawa Kibaigwa, kajenga.
Sikitu yuko Maskati, anatutumia picha za viatu vyake vyeupe.
Hata Metroni Lukresia, aliyenifundisha kuutafuta mshipa gizani
kwa ncha ya kidole, kama mtu aliyedondosha sindano kwenye kanga,
sasa analima zabibu Hombolo.
Anasema usingizi mtamu kuliko pensheni.

Basi. Saa nane usiku umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Upepo wa Julai ulikuwa unasukuma vumbi chini ya mlango.
Sechelela alisema tu, kwa adabu, kama anayeomba maji:
Sista, nahisi nalowa.

Nikawasha tochi ya simu, nikaibana kwa meno.
Mengine unayajua: mkono tumboni, sugua, sugua,
sindano pajani, dripu mbili,
mlinzi katumwa mbio kumgongea daktari,
mama mkwe mlangoni anaomba Mungu kwa Kigogo
na mimi nahesabu mapigo kwa Kiswahili.
Karatasi za vipimo ziliisha tangu Ijumaa.
Nikachomoa iliyokuwa mfukoni, nikaigeuza:

nane na kumi: 80/40, mapigo 132
nane na robo: 80/50
nane u nusu: 90/50, tumbo linakaza
tisa na dakika tano: 100/60, mapigo 104
tisa u nusu: ameomba uji

Uji wa uwele, Nasibu. Usiku ule!
Nilitaka kumzaba kibao, nilitaka kumbusu.

Usiniambie ni wito.
Wito haununui mkaa.
Neno hilo hutugawia siku ya wauguzi pamoja na soda moja,
halafu posho ya Novemba inakuja Machi.
Wala usidhani nimeamua.
Goti la kushoto limeshaamua. Mimi bado.

Mwisho wa kupokea fomu ni leo, saa tisa u nusu.
Nikiipeleka hivi hivi, kuna karani ataigeuza
aione presha ya mtu asiyemjua
ikipanda ngazi mojamoja,
na alama ya kidole changu, ya kahawia, pembeni.
Labda nitapiga kopi upande mmoja.
Labda nitalala, nikiamka iwe saa kumi.

Shika. Nakili vipimo kwenye faili lake.
Mpime kila nusu saa, msugue tumbo hata akikutukana.
Mtoto ni wa kike, kilo tatu na robo, hajapewa jina.
Bibi yake aliniuliza langu.
Nikamwambia nina haraka.

Funguo za kabati la dawa hizi hapa.
Kalamu hii. Tia sahihi kwamba umepokea.
Hapana, siyo karatasi hiyo,
siyo hapo.
Hapo ni pa mwombaji.